Kijiko Kimoja cha Danzi

Kwa Bibi Mgiriki hupewi kiti kabla ya kijiko. Utapiga hodi, utasema shikamoo, utaitikiwa marahaba kwa sauti ya mtu anayekushuku, kisha utaachwa umesimama sebuleni ukitazamana na picha ya mtakatifu mwenye uso mrefu, mpaka yeye arudi kutoka jikoni na sinia. Juu ya sinia kuna kisahani cha kioo, ndani yake ganda la tunda limelala kwenye shira, na pembeni kijiko kidogo na glasi ya maji baridi. Unamtakia mwenye nyumba afya njema. Unakula. Unakunywa maji. Unatumbukiza kijiko ndani ya glasi. Hapo ndipo unaambiwa, "Haya Mwalimu, kaa. Nini kimekuleta?"

Mwalimu ni mimi. Nilifundisha Kiingereza katika sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu, nikajenga Mafiga, hapa Morogoro mjini, nikamkuta yeye jirani, ukuta kwa ukuta. Miaka yote ya ujirani wetu nilipewa kijiko kimoja kila nilipoingia, na cha pili sikuwahi kukiona. Siku moja nilijitia ujasiri nikamwuliza kama utamu ule umekatazwa na daktari.

"Cha pili si cha mgeni," akanijibu. "Mgeni huletewa. Wa nyumbani anafungua kabati anajichotea mwenyewe, halafu anakaripiwa."

Nikaelewa kwamba nisifungue kabati.

Jina lake halisi nilikuwa nalijua, ila mtaani hakuna aliyelitumia. Watu wazima walimwita Bibi Mgiriki, watoto Bibi Kijiko. Habari za ukoo wake sitazieleza. Kulikuwa na mkonge upande wa Kingolwira na kwingineko, bei ya mkonge ikaanguka, Wagiriki wenzake wakafunga masanduku, yeye akabaki. Alipoulizwa kwa nini hakuondoka na wenzake alisema siku ile alikuwa na sufuria motoni. Alilisema hilo bila kutabasamu, na mtu aliyemjua asingeshangaa kama ni kweli.

Aliwahi kwenda Ugiriki mara moja, akarudi kabla ya siku zake. Nilimwuliza kulikuwaje.

"Baridi. Halafu kila mtu anakuuliza umetoka wapi. Nikasema Morogoro. Wakaniuliza, hicho ni kisiwa gani?"

Tangu hapo hakusafiri tena kupita Dar es Salaam.

Kiswahili chake kilikuwa cha Morogoro, na alipogombana na wauza mboga kilipanda milima kikawa na lafudhi ya Kiluguru. Kigiriki alikitumia kwa sala na kwa hesabu. Kiingereza chake kilikuwa cha ofisi ya mkonge: alijua maneno ya kupokea mzigo na maneno ya kukataa mzigo, basi. Methali alizipenda kupita kiasi na hakuwa mwaminifu nazo hata kidogo. "Kama tunavyosema sisi Wagiriki," angeanza, akiinua kidole, "haba na haba hujaza kibaba." Nilipomwambia kwamba hiyo ni ya Waswahili alinitazama kwa huruma, akasema Waswahili wameiga mengi. Upande wa pili, akitaka kumnyamazisha Mama Kinole, mwanamke aliyemletea matunda kutoka mlimani, alimwambia, "Waluguru wanasema, anayeharakisha shira hula makaa."

"Mimi Mluguru, Bibi, hiyo sijawahi kuisikia."

"Ndiyo maana nakwambia."

Alikuwa Mwothodoksi. Kwa kuwa kanisa lake lilikuwa mbali, Jumapili alisali na Wakatoliki, na akawasamehe. Wao walifanya ishara ya msalaba kutoka kushoto kwenda kulia, yeye kulia kwenda kushoto, kwenye benchi la mbele, mbele ya macho ya padri. Padri alimwona, yeye alimwona padri, na hawakuwahi kulizungumza. Alivaa kitenge cha umoja wa kina mama, akaimba nyimbo zote kwa sauti ya juu kuliko kwaya, na akirudi nyumbani alilalamika kwamba ibada ilikuwa fupi.

Chai alikunywa bila sukari. Nyumba nzima inanukia sukari, mifuko ya sukari imepangwa chini ya kitanda, na yeye anakunywa chai chungu kama mtu aliyeadhibiwa. Alisema sukari ni ya wageni.

Kuhusu upishi wake nitasema kidogo, maana alinifukuza jikoni zaidi ya alivyonikaribisha. Mama Kinole alishuka na tenga la madanzi. Danzi, kwa asiyelijua, ni tunda linalofanana na chungwa mpaka siku utakapoliuma. Bibi alilikwangua ngozi, akalikata ganda vipande mithili ya mashua ndogo, akavikunja kimoja kimoja na kuvitunga kwenye uzi kama shanga. Kisha alichemsha, akamwaga maji, akachemsha, akamwaga, mpaka uchungu utoke. Maji ya kwanza aliwamwagia mchwa, na alidai wamehamia kwangu kwa sababu hiyo. Baada ya hapo ndipo sukari, ndimu, na moto mdogo hadi shira ishike.

Nilimwuliza kwa nini asitumie machungwa ya kawaida, ambayo ni matamu tayari, ili apumzike. Akaweka chini sindano ya kutungia.

"Ukichukua kitamu ukakitia sukari, Mwalimu, umefanya kazi gani?"

Mama Kinole alicheka sana. Mimi nilirudi kwangu.

Kulikuwa na chupa za aina tatu kwenye kabati lile, chupa za mdomo mpana zilizokuwa na majina ya Kigiriki aliyoyarithi kwa mama yake: nerantsi, yaani danzi, kisha kitro na pergamonto. Alikuwa akiyataja kwa heshima kama watu wanavyotaja wajomba. Basi mwaka mmoja akapita Mgiriki wa kweli, mhandisi wa barabara, kijana mwenye adabu aliyesikia kwamba Mafiga kuna mama wa kwao. Aliletewa sinia. Siku hiyo nami nilikuwepo. Akala kitro, akafumba macho, akafumbua, akasema kitu kwa Kigiriki kwa sauti ya upole. Bibi akajibu kwa sauti isiyo ya upole. Kijana akamaliza maji yake, akatumbukiza kijiko kwenye glasi, akaaga.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema hili si kitro. Eti kitro ni tunda jingine kabisa."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia amekaa Ugiriki muda mrefu mno, amesahau."

Ukweli ni kwamba lile lilikuwa furungu, furungu la Matombo, kubwa kama kichwa cha mtoto. Mama yake alipofika nchi hii hakukuta kitro. Hakukuta pergamonto pia. Alikuta wanawake wa Kiluguru wanashuka na walichonacho, akakipokea, akakipa jina la alichokiacha. Kile alichokiita pergamonto kilikuwa aina ya ndimu yenye ngozi ya makunyanzi inayojiotea kwenye makorongo, ambayo hata Mama Kinole hana jina lake. Yeye husema tu "zile za Bibi". Danzi peke yake ndilo lililokuwa lenyewe kote kote.

Haya yote yangebaki mambo ya jikoni kama si mjukuu.

Bibi alikuwa na binti mmoja. Alikwenda Australia kusoma, akaolewa huko, akazaa binti, akafa kwa ugonjwa kabla ya mama yake, jambo ambalo Bibi alilieleza kwa sentensi moja na hakulirudia. Yule mtoto alikulia katika Kiingereza. Mama yake hakumfundisha Kigiriki kwa kuwa hakukuwa na wa kuongea naye, wala Kiswahili kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo Bibi na damu yake ya pekee duniani hawakuwa na lugha. Walipigiana simu za picha. Bibi alipaza sauti kwa Kiswahili, kwa kuwa umbali ni mkubwa, mjukuu akacheka kwa Kiingereza, na katikati nikakaa mimi nimeshika simu. "Mwambie amekonda," Bibi angesema. Nikamwambia. "Anasema hajakonda." "Mwambie amekonda." Zikiisha simu hizo, Bibi alikaa akikitazama kioo cheusi cha simu kwa muda, kisha akaniuliza kama nina kingine kilichonileta. Nilimhurumia, nasema wazi. Nilimhurumia na nikajizuia kumwonyesha, maana angenitoa nje.

Kisha mjukuu akasema anakuja.

Siku ile Bibi alivuka ukuta. Hakuwa mtu wa kwenda kwa watu. Alikuja kwangu na kikapu cha chupa, akaziweka zote mezani juu ya magazeti yangu.

"Niandikie Kiingereza."

"Niandike nini?"

"Majina. Atakuja, atafungua kabati, lazima ajue anachukua nini. Sitaki asimame pale kama mgeni dukani."

Hapo ndipo nilipojua anachokitaka. Hakutaka mjukuu aonje. Kuonja angeonjeshwa na sinia. Alitaka afungue kabati.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Tulianza na jina la jumla, maana kila chupa ingehitaji kusema ni kitu gani. Nikapendekeza jamu.

"Jamu ni ya mkate."

"Tuseme matunda ya sukari."

"Hizo ni peremende."

Kwa Kigiriki, akaeleza, huitwa tamu ya kijiko. Nikaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, tamu ya kijiko, na nikakiri moyoni kwamba Kiingereza kilionekana kama kimevaa viatu vya mtu mwingine. Bibi akaridhika. Tukaenda kwenye nerantsi.

Kamusi ilinipa majina mawili. La kwanza lilisema chungwa chungu. Nilipomtafsiria, uso wake ulibadilika.

"Mtoto amepoteza mama yake. Anavuka bahari, anafungua kabati la bibi yake, na kitu cha kwanza kusoma ni uchungu?"

La pili lilikuwa chungwa la mji fulani wa Hispania.

"Hispania wapi? Haya yametoka Kinole. Mama Kinole ameyabeba kichwani, muulize shingo."

Kitro kilikuwa kibaya zaidi. Kamusi ilikuwa na neno lake, zuri, fupi. Tatizo ni kwamba ndani ya chupa kulikuwa na furungu. Nikiandika ukweli wa jina, nadanganya juu ya tunda. Nikiandika ukweli wa tunda, namwambia Bibi kwamba mhandisi alikuwa sahihi. Nilizunguka siku kadhaa. Mwishowe nilimwambia kwamba siku moja yule binti atataka kuipika mwenyewe huko aliko, ataenda sokoni na jina la kwenye chupa, na akinunua kitro cha kamusi atapata kitu kingine, atadhani bibi yake alimdanganya.

Bibi aliichukua chupa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Andika furungu," akasema. "Chini yake andika, bibi yako analiita kitro."

"Na pergamonto?"

"Hiyo haina jina. Andika ni za Bibi."

Likabaki danzi. Tuliliacha libaki danzi, kwa Kiswahili, kwa vile Kiingereza kilikosa adabu. Nilikuwa nimeshafunika kalamu aliposema kuna la kuongeza. Alikuwa anatazama dirishani, mawingu yameukalia mlima.

"Andika, mama yako alikuwa akiliiba hili."

Nikaandika. Sikumtazama, na yeye hakunitazama.

Mjukuu alifika. Msichana mrefu, mpole, mwenye nywele za mama yake kwenye picha. Alikuwa amejifunza kusema shikamoo, na aliisema kwa kila mtu, hata kwa watoto, nao wakaitikia marahaba bila aibu. Alisimama sebuleni, akaletewa sinia, akala, akanywa maji, akatumbukiza kijiko kwenye glasi bila kuelekezwa. Bibi alinigeukia akiwa na macho ya mtu aliyeshinda kesi. "Umeona? Mama yake alimfundisha."

Kesho yake yule binti akaketi sebuleni, kimya, mikono magotini, akingoja sinia. Bibi akalileta. Keshokutwa hivyo hivyo. Alikuwa na adabu ya kutisha. Aliosha vyombo, akafagia uani, akatandika kitanda, lakini kabati alilizunguka kama vile lina mbwa ndani. Lebo zangu, kazi ya majuma, zilikuwa nyuma ya milango miwili ya mbao na hakuna aliyezisoma.

Bibi alianza kuchoka. Miguu yake ilivimba jioni, na bado asubuhi alinyanyuka na sinia kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe. Mama Kinole alipoliona hilo hakuvumilia.

"Bibi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Huyu si mgeni."

"Basi mbona unampelekea sinia?"

Bibi akachukua sinia, akaingia jikoni. Nilimfuata jikoni nikamwambia suala ni dogo: niruhusu nimwambie kwa Kiingereza, fungua kabati, jichotee, ni kwenu.

"Usithubutu."

"Bibi, hajui."

"Ukimwambia mtu ajisikie yuko nyumbani, umeshamwambia ni mgeni."

"Ndivyo wanavyosema Wagiriki?"

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yangu. Niapie."

Nikaapa. Na jioni hiyo hiyo, kwenye kibaraza changu, msichana akaniambia kwa Kiingereza kwamba anaogopa kumkosea bibi yake. Mama yake, alisema, alimkanya tangu utotoni: kwa bibi yako unakula kijiko kimoja, huombi cha pili, na kabati haliguswi kamwe, yeye aligusa na alifokewa mpaka mtaa wa pili wakasikia. Alilisimulia kwa heshima, kama amri ya kanisani. Nilikaa pale na kiapo changu mdomoni. Mama aliondoka duniani akikumbuka makaripio, na Bibi alikuwa akiyangoja yarudi. Nilikuwa mkalimani wao, na kitu pekee kilichohitaji kutafsiriwa nilikatazwa.

Siku moja kabla ya msichana kusafiri nilikwenda kumuaga. Nilipiga hodi. Sauti iliyojibu "karibu" haikuwa ya Bibi. Bibi alikuwa amelala chumbani, miguu imekataa kabisa, mlango umeachwa wazi kidogo. Mjukuu alinipokea, akaniambia shikamoo, nikaitikia, kisha akasimama. Alitazama kiti. Akanitazama mimi. Akatazama mlango wa chumbani. Mimi nikamtazama mtakatifu mwenye uso mrefu, kwa kuwa nilikuwa nimeapa.

Akaingia ndani. Nikasikia bawaba za kabati, ambazo zililia kwa namna niliyoijua miaka yote. Halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko inavyohitajika kuchukua chupa, na nilijua anafanya nini. Alikuwa anasoma.

Akarudi na sinia. Kisahani cha kioo, glasi ya maji, kijiko, na ganda moja la danzi lililokunjwa. Macho yalikuwa mekundu, ila sinia alilishika sawa. Nikamtakia mwenye nyumba afya njema. Nikala. Lilikuwa tamu, na mwishoni kabisa lilikuwa na uchungu wake mdogo, ule ambao Bibi hakuwahi kuumaliza wala hakutaka kuumaliza. Nikanywa maji, nikatumbukiza kijiko kwenye glasi.

"Haya Mwalimu, kaa," akasema msichana, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kushuku. "Nini kimekuleta?"

Nikakaa.

Chumbani kitanda kililia.

"Mwalimu! Nani kakupa?"

"Mjukuu wako, Bibi."

"Kakupa lipi?"

"La danzi."

"Vijiko vingapi?"

"Kimoja."

Hapo Bibi akaanza. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta na sijawahi kumsikia akifoka namna ile: nani kamruhusu kufungua kabati lake, nani kamwambia aguse chupa, mwizi, mtoto wa mwizi, kwanza amefunga mfuniko vizuri au ameacha wazi mchwa waingie! Alifoka Kiswahili, akaingia Kigiriki, akatoka na Kiluguru. Nina hakika mtaa wa pili walisikia.

Msichana alipauka uso. "Anasema nini?" akaniuliza.

Kiapo kilikuwa cha kutomwambia kabla. Hakikusema lolote kuhusu baada.

"Anasema wewe ni mwizi," nikamwambia, "kama mama yako."

Alinitazama. Akautazama mlango wa chumbani, ambako sauti ilikuwa bado inaendelea na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akaweka sinia mezani, akarudi kabatini kujichotea.